Gunia Lililoshonwa Mara Mbili

Farasi wa nne alikufa Jumanne saa tatu asubuhi. Ilipofika saa sita Inspekta Moraa alikuwa amesimama malishoni, akimtazama konstebo akimfungua pingu mtu aliyeshukiwa kumuua.

Malisho hayo yalikuwa ya ranchi ya Bwana Cephas, katika Bonde la Lambwe, karibu na ua wa mbuga ya Ruma. Ilikuwa Februari 1995 na mvua ilikuwa imekatika tangu Novemba. Nyasi zilikuwa na rangi ya katani. Farasi wanane waliosalia walikuwa wamejibanza chini ya migunga, vichwa vimeinama, na kila mmoja wao alitokwa na jasho ingawa hakuna aliyekuwa ametoka kukimbia.

Werema alisugua vifundo vya mikono. Alikuwa mtunza farasi wa ranchi, mtu wa Kehancha, mwenye miguu iliyopinda kwa kupanda farasi tangu ujana. Mahakama ya Homa Bay ilikuwa imewapa polisi siku saba za kumshikilia, na siku nne zilikuwa zimekwisha.

"Fanya kila kitu kama ulivyofanya Jumatatu ya wiki iliyopita," Moraa alimwambia. "Usiruke kitu."

"Sawa, madam."

Werema alitembea hadi kwenye kibanda cha mabati na kuonyesha sanduku la mbao lililoning'inizwa chini ya paa. "Hii ni chumvi ya madini. Kuna unga ya mifupa ndani na dawa ya shaba. Hii sipimi. Farasi anajua mwenyewe, akisikia hamu anakuja kuramba."

"Halafu?"

"Halafu kuna chakula ya nguvu, ile ya protini. Soya na mashudu ya alizeti. Hii napima." Alichukua kopo tupu la mafuta ya kupikia, akalichovya hewani juu ya gunia la kuwaziwa, akalisawazisha kwa kiganja. "Kopo moja kwa kila farasi, asubuhi, kila mtu na ndoo yake. Jike mwenye kunyonyesha, makopo mawili."

"Kwa nini mawili?"

"Nyasi ikikauka hivi, madam, farasi anajaza tumbo lakini mgongo unaisha. Yule wa kunyonyesha anaisha mbele ya wote. Mtoto anamvuta."

"Na ndiye aliyekufa kwanza."

"Ndiye." Werema alitazama pembeni. "Mimi ndiye nilimzalisha."

Moraa hakuandika hilo. Alikuwa ameshaandika mengine: kwamba wiki mbili zilizopita Werema alinyimwa ruhusa ya kwenda kumzika shangazi yake, na kwamba alisimama mbele ya wafanyakazi kumi na kusema ranchi hii inathamini farasi kuliko watu. Wafanyakazi tisa walikumbuka maneno hayo vilevile. Mashahidi tisa wanapokubaliana neno kwa neno, Moraa huanza kujiuliza nani aliwakumbusha.

"Hawa ng'ombe wawili wanafanya nini hapa?" aliuliza.

"Ni wa maziwa ya hapa ranchi. Farasi akimaliza, wanakuja kuramba ndoo. Siku ingine nawawekea kopo lao."

"Wiki iliyopita uliwawekea?"

"Niliwawekea. Kila siku."

Ng'ombe hao walikuwa wakicheua, macho yamelegea, manyoya yanang'aa. Moraa aliwatazama kwa muda mrefu kuliko alivyowatazama farasi.

"Samahani, Inspekta." Aliyesema hivyo ni Wesley, meneja wa ranchi, ambaye alikuwa amesimama nyuma yao kwa heshima, kofia mkononi. Alikuwa na miezi minane tu kazini, na tangu polisi wafike alikuwa msaada mkubwa: alitafuta mashahidi, alichemsha chai, alitoa chumba cha kuandikia. "Mimi ningeangalia hiyo chumvi. Sanduku liko wazi, na mtu yeyote anayepita anaweza kutia kitu. Hata huyu, asubuhi mapema, kabla ya wenzake kuamka."

"Chumvi imeshapimwa," sauti ilijibu kutoka upande wa barabara.

Daktari Jared, mganga wa mifugo wa wilaya, alikuwa akishuka kwenye pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Alimpa Moraa ishara, na wawili hao wakasogea mbali, hadi pale ambapo hakuna mtu angeweza kuwasikia.

"Nimeongea na maabara ya mifugo ya Kabete, Nairobi, kwa simu asubuhi hii," Jared alisema. "Chumvi ni safi. Damu haina ugonjwa wa mbung'o, kwa hivyo tuache kulaumu mbung'o wa Lambwe. Tatizo ni chakula cha protini."

"Sumu?"

"Dawa. Inatiwa kwenye chakula cha kuku wa nyama wasihare damu. Ng'ombe akila kidogo, hana neno, pengine hata ananenepa. Farasi hapana. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kumuua. Inakula misuli ya moyo. Si uliona moyo wa yule jike nilipompasua? Ile michirizi myeupe?"

"Kama nyama iliyochemshwa."

"Hiyo ndiyo. Na haiui siku hiyo hiyo. Mwingine anakaa siku tatu, mwingine wiki. Huyu wa leo alikula kabla Werema hajakamatwa."

"Inaweza kuingia kwa bahati mbaya?"

"Inaweza. Mashine ikichanganya chakula cha kuku, halafu cha farasi bila kusafishwa. Lakini Kabete wanasema hiki ni kiasi kikubwa sana, si mabaki ya mashine."

Moraa alirudi kibandani na kuomba gunia lenyewe. Lilikuwa limefungiwa chumba cha vifaa tangu Ijumaa, lakiri ya polisi mlangoni. Konstebo alilileta na kulilaza chini. Moraa alichuchumaa. Mdomo wa gunia ulikuwa na mstari wa vitundu vidogo vilivyolingana, kazi ya mashine, lakini hapakuwa na uzi ndani yake. Juu kidogo palikuwa na vitundu vingine vikubwa, vimeenda ovyo, na kipande cha uzi wa buluu kilikuwa bado kimening'inia.

"Ulilikata wewe?"

"Niliikata huo uzi ya buluu," Werema alisema. "Nililikuta hivyo. Gunia ya kutoka duka ya Suna kawaida ina uzi mweupe. Nilimwambia meneja. Akasema ni panya, ikabidi ishonwe tena."

Wesley aliinua mabega. "Nilisema hivyo, kweli. Panya wako kila mahali."

"Panya wa hapa wanafungua mshono bila kutoboa gunia," Moraa alisema. Aliukata ule uzi kwa wembe na kuutia kwenye bahasha.

Gari la pikapu lilisimama kando ya ua. Bwana Cephas hakuzima injini wala hakushuka. Alikuwa mzee mnene, mwenye ranchi na mwenye sauti. Alitoa kichwa dirishani na kuuliza kwa nini mshukiwa hana pingu.

"Tunafanya uchunguzi, mzee."

"Uchunguzi wa nini? Aliwalisha, wakafa. Tangu nilete farasi hawa, hakuna mwizi wa ng'ombe aliyepita bonde hili, na nyinyi mnajua. Mshtakini mtu wangu niendelee na kazi."

"Mtu wako," Moraa alirudia.

Cephas alirudisha kichwa ndani na kuondoka.

*

Siku iliyofuata Moraa alikuwa Suna, mjini Migori, mbele ya duka lenye mashine kubwa ya kuchanganyia chakula cha mifugo. Mwenye duka, Emmaculate, alikuwa mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa cheupe kichwani, na unga wa soya ulikuwa umemkaa kwenye kope. Aliposikia farasi wanne wamekufa, alikaa juu ya gunia.

"Wamekufa kwa chakula changu?"

"Hilo ndilo nauliza, mama."

"Njoo." Alimshika Moraa mkono na kumpeleka kwenye mashine. "Mimi ni Msabato. Jumamosi hapa ni kufuli. Jumamosi jua likishatua, vijana wanaosha hii mashine, kila mwiko, kila pembe. Jumapili asubuhi kitu cha kwanza kuingia ni chakula cha farasi wa Lambwe. Kuku ni mchana. Miaka minne nafanya hivyo, kwa sababu najua hiyo dawa ya kuku inafanya nini farasi. Gunia likijaa, tunalishona hapo hapo."

Cherehani ya magunia ilikuwa mezani, na donge la uzi mweupe juu yake. Moraa alitoa bahasha na kummiminia uzi wa buluu kiganjani.

"Huu si wangu," Emmaculate alisema mara moja. "Huu ni wa kushonea nyavu. Uzi wa ziwani. Hapa Suna nani ana kazi nao?"

"Jumapili ya kabla ya hii iliyopita, nani alichukua gunia?"

"Wesley, kama kawaida. Mtu mzuri, anasalimu watu."

"Alichukua kitu kingine?"

Emmaculate alianza kukataa kwa kichwa, kisha kichwa kikasimama katikati ya safari.

"Mkebe," alisema polepole. "Alichukua mkebe mzima wa ile dawa. Alisema dada yake Homa Bay anafuga kuku mia nne, nyuma ya nyumba, mtaa wa Shauri Yako. Nikashtuka. Nikamsomea maandishi ya kwenye mkebe, nikamwonyesha na picha ya farasi imekatwa kwa mstari mwekundu. Nikamwambia, usiweke hii karibu na lile gunia, funga mbali kabisa. Akacheka. Akasema, 'Mama, mimi si ni mtu wa farasi?'"

"Ulimsomea kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili. Halafu nikarudia kwa Kijaluo, ndiyo nilale usingizi mzuri."

Moraa alimwomba aandike maelezo hayo na kutia sahihi. Emmaculate aliandika kurasa mbili bila kufuta neno. Alipomaliza aliuliza kama anaweza kuendelea kuwachanganyia wale wanane waliobaki, bure, mpaka mvua inyeshe. Moraa alimwambia angoje kwanza daktari aseme kama wataishi.

*

Nyumba ya dada yake Wesley haikuwa ngumu kupatikana. Kila mtu Shauri Yako alimjua Awino, mama wa nyavu. Wavuvi wa kisiwa cha Mfangano walimletea nyavu zilizochanika, naye alizitengeneza akiwa amekaa barazani, vidole vikienda bila kutazamwa. Kwenye kikapu kando yake kulikuwa na madonge matano ya uzi. Matatu yalikuwa ya buluu.

"Natafuta kuku, mama," Moraa alisema baada ya salamu. "Nimeambiwa unao wengi."

"Kuku?" Awino alicheka kidogo. "Angalia mwenyewe."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda. Utando wa buibui ulikuwa umeziba mlango na ndani mlikuwa na kuni. Hakuna kuku aliyelala humo kwa mwaka mzima, labda zaidi.

"Banda lilikuwa la mwanangu," Awino alisema aliporudi Moraa barazani. "Boaz. Alipanga kuanza na kuku hamsini."

"Yuko wapi?"

Awino alielekeza sindano yake ukutani. Kulikuwa na picha ya kijana wa miaka ishirini na kitu, shati jeupe, shingo ndefu. Chini yake kilibandikwa kikaratasi cha ratiba ya mazishi, tarehe kumi na tisa Februari, mwaka uliotangulia.

"Alipotelewa na ng'ombe dume, akaingia Lambwe kumtafuta. Wakasema alianguka kwenye mawe. Mimi nilimwosha mwanangu, afande. Mtu akianguka kwenye mawe, anapata alama za kwato mgongoni?"

Moraa aliitazama tena ile picha. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Kaka yako Wesley alilala hapa Jumapili ya kabla ya hii iliyopita?"

"Alilala. Anapitia hapa kila akitoka Suna."

"Alikuwa na gunia?"

"Lilikuwa limefunguka. Akaniomba uzi na sindano, akalishona kule nyuma. Nilimwambia anipe mimi nilishone, anashona vibaya. Akakataa. Akafunga na mlango." Vidole vya Awino vilisimama kwa mara ya kwanza. Alimtazama Moraa, kisha kikapu, kisha Moraa tena. "Kwani gunia lilikuwa na nini?"

Inawezekana hakujua. Inawezekana pia alijua tangu mwanzo na alikuwa akingoja kuulizwa. Moraa alimtazama sana usoni na hakupata hakika. Alichukua donge moja la uzi wa buluu, akamwandikia stakabadhi.

*

Wesley hakukimbia. Alhamisi asubuhi alimkuta Moraa akimngoja kwenye chumba kile kile alichowapa polisi, akaona donge la uzi wa buluu juu ya meza, akavuta kiti.

"Mkebe uko wapi?" Moraa aliuliza.

"Nimeuzika nyuma ya zizi. Nitakuonyesha."

"Werema angefungwa."

"Ndiyo."

"Na ulijua hana kosa."

"Hana kosa la farasi." Wesley aliweka kofia magotini na kuinyoosha ukingo. Upole wake ulikuwa haujamtoka. "Boaz alikuwa okewa wangu, mtoto wa dada yangu. Kwetu, huyo ni mtoto wako. Waliomkanyaga kwa farasi, wakimwita mwizi wa ng'ombe, ni askari wa ranchi, na Werema alikuwa mmoja wao. Nilikwenda kituoni kwenu mara sita. Mara ya sita, wakaniambia faili halipo. Ndiyo nikatafuta kazi hapa. Nilitaka kujua kwanza, sikuja kuua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba kila mtu hapa anajua na hakuna anayesema." Aliinua macho. "Farasi wanne wamekufa, Inspekta. Umeleta daktari. Umepiga simu Nairobi. Umeenda mpaka Suna, umehesabu vitundu vya gunia. Boaz alipokufa, mlileta nini?"

Konstebo aliyesimama mlangoni alikohoa. Moraa aliandika maneno yote, mpaka alama ya kuuliza, akamsomea, akampa kalamu atie sahihi. Kisha wakaenda nyuma ya zizi, Wesley mwenyewe akachimba, na mkebe ukatoka ukiwa na udongo mwekundu juu ya picha ya farasi.

Walipopita malishoni, Daktari Jared alikuwa akisikiliza moyo wa dume jeusi, sikio lake limebanwa ubavuni. Alinyoosha vidole vitano hewani, akavitikisa. Watano pengine wangepona. Wesley aliona, akageuza uso.

*

Kituoni Homa Bay, Moraa alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la mafaili. Wesley alikuwa amedanganywa, faili lilikuwapo. Lilikuwa na ukurasa mmoja: kifo cha ajali, kijana ameanguka kwenye mawe akikimbia, mashahidi ni askari farasi watatu wa ranchi. Majina matatu, na mbele ya jina la tatu, alama ya dole gumba. Werema.

Sahihi ya afisa aliyefunga faili ilikuwa imeandikwa kwa haraka, haisomeki. Moraa aliitambua hata hivyo. Ilikuwa ya mkuu wake, na mlango wa mkuu wake ulikuwa hatua nane kutoka hapo. Ulikuwa umefungwa.

Alirudisha kabati lilivyokuwa. Faili akalibana chini ya daftari lake.

Saa tisa Werema alitolewa korokoroni. Alirudishiwa mkanda, kisu kidogo cha kukatia kamba na viatu vyake. Alikuwa amekonda, lakini uso ulikuwa umefunguka, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama yule mtoto wa farasi aliyebaki bila mama amepata maziwa.

"Anapewa ya ng'ombe. Daktari anamwangalia."

"Asante, madam. Mungu akubariki. Wacha niende nimwone."

"Utaenda na nini?"

"Nimetumiwa gari." Alionyesha dirishani kwa fahari kidogo.

Moraa alitazama nje. Pikapu ya ranchi ilikuwa imesimama nje ya lango la kituo, injini ikinguruma. Nyuma ya usukani alikaa Bwana Cephas mwenyewe. Siku mbili zilizopita mzee huyu alitaka Werema afungwe siku hiyo hiyo. Leo alikuwa ameendesha kilomita arobaini za vumbi kuja kumchukua, na Moraa hakuwa amempigia simu kumwambia Werema anaachiliwa.

"Werema," Moraa alisema. "Kabla hujatoka. Niambie kuhusu Boaz."

Mtunza farasi alikuwa ameshainama kufunga viatu. Hakuinuka. Kamba ya kiatu ilibaki imeshikwa kati ya vidole viwili.

"Umetia dole hapa," Moraa aliendelea, akiliweka faili wazi juu ya benchi. "Inasema mlikuwa askari watatu, na yeye akaanguka."

"Sijui kusoma, madam."

"Ndiyo nakusomea. Watatu."

Nje, honi ililia mara moja, fupi, kama mtu anayeita mbwa wake. Werema alitazama dirishani, kisha mlangoni. Kisha akavua kile kiatu alichokuwa amekwisha kukifunga, akakiweka kando ya mwenzake, na kurudi kukaa kwenye benchi.

"Funga mlango," alisema.

Moraa aliufunga.

"Hatukuwa watatu," Werema alisema, macho kwenye pikapu ile nje ya dirisha. "Tulikuwa wanne. Na yule wa nne ndiye alikuwa mbele."

Honi ililia tena, safari hii ndefu, na kwenye ujia zilisikika hatua za mkuu wa kituo akitoka ofisini kwake kwenda kumsalimu mgeni.